Maganga Nusura Afukuzwe kwa Utani

Jamani, leo nusura Maganga afukuzwe kazi kwa kumtania mtani wake!

Mnamjua Maganga, yule Mnyamwezi anayelisha mkonge mashineni hapa shambani kwetu, njia ya Pangani. Asubuhi alimwona Semkiwa, Mzigua, anakuja kachelewa, akampigia kelele:

"Mzigua! Nimeshakuchimbia kaburi, kumbe bado unapumua?"

Meneja wetu mpya, Mzungu aliyejifunza Kiswahili kitabuni, akasikia kila neno. Akatuita ofisini.

"Maganga, umetishia kuua mtu. Kazi basi. Rudi kwenu!"

Mimi karani nikajaribu kumweleza utani ni nini. Neno la Kizungu sikulipata. Jasho lilinitoka, wallahi!

Semkiwa ndiye aliyesogea mbele.

"Bwana, huyu ni mtani wangu. Baba yangu alipofariki, ndiye aliyeingia kaburini kumlaza. Ukimfukuza, mimi atanizika nani?"

Meneja akaweka kalamu chini. "Rudini kazini. Wote."

Mlangoni Maganga akamwambia mwenzake, "Ahsante, Mzigua. Sasa ufe basi, nisionekane mwongo!"

Nyuma yetu tukamsikia meneja akicheka peke yake.

Nimerudi nyumbani natabasamu njia nzima. Hebu semeni, nyinyi mngemweleza vipi?