Chatu Atakayechukuliwa Ijumaa

Saa moja asubuhi, kitu cha kwanza msichana anachokiona ni macho ya chatu. Yameingia ukungu. Chatu anakaribia kujivua gamba.

"Leo haguswi," msichana huyu wa miaka ishirini na mmoja anamwambia mwandishi wa habari aliyemtembelea, kwa sauti ya chini utadhani kuna mgonjwa chumbani. "Akiwa hivi haoni vizuri. Akishtuka, anauma kwanza."

Aliacha shule darasa la tano. Kusafisha tangi la chatu, kupima joto na kufuga sungura wa chakula alifundishwa na mjomba wake, ambaye kwa miaka kumi na miwili alimzungusha chatu huyo wa mita nne na nusu kwenye maonyesho ya shule. Majirani humwita nyoka huyo Bibi Mkubwa.

Miezi minne iliyopita, Bibi Mkubwa aliuma mkono wa mjomba na kujiviringisha. Walihitajika wanaume watatu kumnasua. Vidole viwili vya mjomba havikunjiki tena.

Serikali sasa inapendekeza kila mfuga nyoka wakubwa awe na kibali. Wiki iliyopita ofisa wa wanyamapori alikuja kusikiliza maoni ya majirani uani kwao.

"Nyoka ni nyoka, hata umlaze kwenye godoro!" alifoka fundi cherehani wa nyumba ya pili.

"Na mbwa wako aliyemrarua mtu suruali, ana kibali?" mjomba alimuuliza.

"Mbwa wangu hamezi mtu, mzee!"

Watu wakaangua kicheko. Ofisa hakucheka.

"Mzee, mnyama wako amekugeuka. Nitaandika hivyo, na Ijumaa ya wiki ijayo tunamchukua."

Mjomba akatazama vidole vyake. Mpwa wake alikuwa amesimama mlangoni na ndoo.

Msichana hapingi kibali. Anataka sheria imlazimishe mfugaji kufundishwa kwanza, na tangi lisifunguliwe na mtu mmoja peke yake. Mafunzo yakianza, atajiandikisha, hata kwa darasa lake la tano hilo hilo.

"Mjomba anajilaumu. Anasema uzee umemwingia mikononi."

Anakwaruza rangi ya mlango kwa kucha.

"Andika hivi," anamwambia mwandishi hatimaye. "Chatu hakumgeuka. Mjomba aliomba taulo ajifute jasho, nikampa lile nililokuwa nimelitumia kumbebea sungura. Akajifuta mikono, akaiingiza tangini. Yule chatu alisikia harufu ya chakula. Kosa ni langu."