Mti wa Mpaka Uani kwa Bibi Mwaija

Mtu akiniuliza kama mimi ni Mzigua au Msambaa, natamani kumuuliza kama kinywa chake hakina kazi nyingine. Bibi yangu Mwaija aliulizwa swali hilohilo na watu wenye askari nyuma yao, na kila jibu alilotoa likawa kosa.

Alizaliwa kisiwani, katikati ya mto Pangani, ambao sisi tunauita Ruvu, karibu na Korogwe. Mama yake alitoka Bungu milimani, kwa Wasambaa, na Mwaija mwenyewe akaolewa na Mzigua wa Sindeni aliyekubali kuhamia kisiwani kwake. Kisiwa kilikuwa na madaraja mawili ya magogo, moja kila upande. Jioni watu wa kisiwani waliyavuta magogo ya mwisho wakayaweka ndani, maana zamani wateka watu walikuwa wakivuka usiku. Mchana ndizi za Bungu zilipita hapo kuteremka Sindeni, na mtama wa Sindeni ukapita kupanda Bungu. Mpishano ulikuwa mkubwa, na aliyekuwa na njaa alikula kwa aliyepika.

Wadachi walipokuja waliamua mto uwe mpaka. Kusini wakaweka akida, kaskazini wakaweka akida mwingine, kila mmoja na boma lake la kulitii. Watu wanaoishi ndani ya mpaka wenyewe hawakumhusu yeyote. Wakatoa amri moja tu kwa kisiwa, kwamba magogo yasivutwe tena, vita vimekwisha.

Kisha nzige wakamaliza mashamba. Fatu, binti mdogo wa bibi, akaanza kuvimba miguu. Kila upande wa mto serikali ilikuwa ikigawa mtama, basi bibi akambeba mtoto mgongoni akaenda kusini, kwa akida Mbaruku.

“Wewe mama yako Msambaa,” Mbaruku alimwambia. “Nenda kwa wenzako.”

Bibi akarudi, akavuka madaraja yote mawili na mtoto yuleyule mgongoni. Akida wa kaskazini alikuwa ameketi kando ya magunia.

“Mumeo ni Mzigua wa Sindeni,” alisema. “Mtama wa huku ni wa watu wa huku.”

Fatu alikata roho juu ya daraja, wakirudi nyumbani. Baba yangu Mhina, aliyekuwa kijana wakati huo, alimchimbia dada yake kaburi uani, nyuma ya jiko. Mimi sikuwepo, lakini nikiyafikiria yale magunia yaliyojaa hasira inanipanda hadi leo, na wala sitaki ishuke.

Mvua ziliporudi, serikali ikataka watu wa kazi, na ghafla tukawa na wenyewe. Asubuhi moja Mbaruku alifika ukingo wa kusini kumtaka Mhina akabebe mizigo. Mwenzake akatokea ukingo wa kaskazini kumtaka huyohuyo Mhina akalime shamba la Mdachi. Bibi alikuwa ameshawaona kwa mbali na kuyavuta magogo ya pande zote mbili, amri au si amri. Maakida wakabaki kupigiana kelele toka ukingo hadi ukingo, juu ya paa la nyumba yetu.

“Huyo baba yake Mzigua. Ni wangu.”

“Bibi yake mzaa mama katoka Bungu. Ni wa huku.”

Bibi Mwaija akasimama katikati ya ua.

“Anayemtaka Mhina,” alisema, “alete kwanza mtama wa Fatu.”

Maakida waliondoka, kila mmoja kwa njia yake.

Ungedhani watu wanaogombana hivyo watachelewa kupatana. Wapi! Hata mwezi haukuisha wakaja pamoja kwa mitumbwi, na askari, wakakigawa kisiwa katikati. Mti wa mpaka, gogo zuri lililochongwa na kupakwa chokaa, walimbebesha Mhina. Shimo lake wakamchimbisha yeye, kwenye ua wa mama yake, kati ya jiko na kaburi la Fatu. Nyumba ikawa ya kusini, kaburi likawa la kaskazini. Bibi akaambiwa kwamba akitaka kulifagia aombe ruhusa ng'ambo. Mhina akawa mali ya Mbaruku, wakamfunga kamba na vijana wengine wakaondoka naye. Alirudi baada ya miaka mingi, begani ana kovu ambalo hakutaka tuliguse.

Siku ileile Mhina alipochukuliwa, bibi aliung'oa ule mti. Akaupasua kwa shoka, akawasha moto, akapika.

Kesho yake Mbaruku alikuja na askari kukagua mpaka, akakuta shimo tupu na bibi ameketi jikoni anakula ugali.

“Mti wa serikali uko wapi?”

Bibi akamwonyesha mafiga kwa kidole. Kipande chenye chokaa kilikuwa bado kinaungua.

“Nimeupikia,” alisema. “Huu ndio mlo wa kwanza nilioupata kwa serikali yenu.”

Akala tonge la mwisho, akanawa mikono. Ndipo wakamtoa nje, wakamchapa viboko palepale kando ya shimo.