Rimoti Chini ya Kanga

Josepha wa Bukene alimwonea wivu mdogo wake Levina tangu mtoto wa Levina alipopewa upadri, kwa sababu wa kwake aliacha seminari. Jumapili majirani walijaa kwa Levina kutazama video ya misa ya upadrisho. Levina alichomeka waya wa HDMI kutoka kwenye laptopu hadi kwenye runinga, lakini kioo kikabaki cheusi.

Josepha alijua kinachotakiwa ni kuchagua HDMI kwa rimoti, na rimoti alikuwa ameificha chini ya kanga. Akaivuta kanga kuifunika zaidi. Majirani wakaanza kuaga.

“Dada, samahani,” Levina alisema kwa unyonge. “Nilitaka wakuone ulivyomsindikiza mwanetu altareni.”

Josepha akaitoa rimoti, akabonyeza. Vigelegele vikapigwa, naye akatazama huku wivu bado unamchoma moyo.