Moshi wa Injini Kwenye Kiti cha Tata Ogari

Siku Persis alipomfokea mzee wa kanisa mbele ya gereji yake, watu wa Ogembo walisema huyo mama ana kiburi. Waliosema hivyo hawakuwa wamewahi kupanda gari lake mvua ikinyesha.

Persis ni mzaliwa wa Nyamira, aliyeolewa huku karibu na Nyamache. Udereva aliupatia kwenye lori la mjomba wake la kukusanya majani ya chai, katika zile barabara za udongo mwekundu ambazo zikilowa huteleza kama sabuni. Enzi hizo wanawake walikuwa wakinyoosha migongo shambani kumtazama msichana akizungusha usukani. Siku hizi hawamtazami. Wanampungia mkono tu asimame.

Gari lake ni la dizeli, kuukuu, lenye turbo ya kuisukumia injini hewa, na hupanda milima likiwa limejaa. Siku za soko hubeba ndizi. Siku za kliniki hubeba wagonjwa wa ukoo na wa jirani hadi Kisii mjini, na kiti cha mbele, karibu naye, ni cha Tata Ogari. Tata ndivyo Wagusii wamwitavyo baba, na mzee huyu ni wa rika la baba yake. Ogari alitumia ujana wake wote akisukuma kuni katika tanuri la kiwanda cha chai. Kiwanda kilimstaafisha, lakini moshi wake alibaki nao kifuani. Bila dawa na kipimo cha kliniki, miguu humvimba na hawezi kulala chali.

Ndipo gari likaanza kukosa nguvu mlimani. Persis akalipeleka kwa fundi wake wa siku zote, Thadeus, mzee wa kanisa lao la Kisabato. Ilikuwa Ijumaa, na alasiri ya Ijumaa huku kila mtu hutembea kwa haraka: chakula cha Sabato kipikwe, nguo zipigwe pasi, viatu vipakwe rangi, jua lisizame mtu akiwa bado na spana mkononi. Jua likiwa limeinama, Thadeus alimkabidhi funguo.

"Sasa ni kama jipya, dada Persis. Tuonane kanisani."

Kweli nguvu zilirudi. Persis alimshukuru, na kesho yake katika maombi alimtaja kwa jina.

Mvua zilipoanza, harufu nayo ikaanza. Haikuja kila wakati. Ilikuja kwenye mpando, vioo vikiwa vimefungwa na kioo cha mbele kimeingia ukungu, Persis akiwasha feni ili aone njia. Hapo hewa ya moto ilitoka ikiwa na uzito wa oili iliyoungua, ikamkaa kooni. Wagonjwa nyuma walijifunika pua na leso, kimya. Tata Ogari alikohoa, akaomba radhi kwa kukohoa.

Alirudi gereji. Siku hiyo jua lilikuwa linawaka, gari limesimama, milango wazi. Thadeus aliingiza kichwa, akavuta pumzi, akatikisa kichwa.

"Sisikii kitu."

Jasper, mpaka rangi wa pale gereji, akadakia akiwa chini ya kivuli chembamba cha paa: "Mama, kwani ulitaka dizeli inukie marashi?"

Wakacheka wote. Thadeus naye alicheka, kwa upole, kama mtu anavyomchekea mtoto. "Wanawake mna pua nyepesi, dada. Fungua dirisha kidogo."

Persis aliondoka. Njiani alianza hata kujishuku: labda ni kweli, labda ni pua yake. Jambo hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba walicheka mara moja tu na yeye akakubali kuacha kuamini pua yake mwenyewe.

Siku ya kliniki iliyofuata Tata Ogari hakuwa barabarani. Alituma salamu kwamba ana matanga. Mara ya pili alisema kuna mgeni. Mara ya tatu Persis alikunja kona, akaliendesha gari hadi uani kwake, mvua ikimwagika. Alimkuta mzee ameketi kitandani, amejiegemeza ukutani, miguu imejaa kama ya mtu mwingine.

"Bwakire, tata," alimwamkia kwa Kigusii. "Mbona umetuacha?"

"Bwakire, mwanangu. Kazi zimenizidi."

Kazi gani, hata shati lilikuwa halijafungwa vifungo. Nyakerario, mke wa mwanawe, alimvuta Persis hadi jikoni.

"Hatakuambia, atakufa na heshima zake," alisema. "Gari lako linamkaba. Akirudi kutoka kliniki anakuwa mgonjwa kuliko alivyoenda. Amenikataza nisiseme, eti umembeba miaka yote hiyo, atakutiaje aibu?"

Persis alitoka akasimama mvuani, akawasha injini, akafungua boneti na kuinama. Wakati wa lori la mjomba alikuwa amefundishwa kwamba injini nayo hupumua: upepo mchafu wa tumboni mwake, uliojaa mvuke wa oili, hupitishwa kwenye bomba lake, ukarudishwa upande wa kuvutia hewa, mbele ya turbo, ukaungulie ndani. Bomba hilo halikuwepo. Mahali lilipoingilia palikuwa pamezibwa kwa kipande cha mti kilichoviringishwa mpira wa tyubu. Na kutoka juu ya injini ulining'inia mpira wa kumwagilia maji, mfupi, uliokoma nyuma kabisa, chini ya kioo cha mbele, pale pale feni inapochotea hewa ya kuwapulizia abiria. Ulikuwa unafuka moshi mwepesi wa kijivu, taratibu, kama sigara iliyosahaulika.

Alishuka Ogembo na matope hadi magotini.

"Nani alikata bomba la pumzi?"

Thadeus hakukana. Lililomchoma Persis ni kwamba hata hakuona cha kukana. "Lile la zamani lilikuwa limepasuka. Spea iko Kisii, na jua lilikuwa linazama. Nikaweka huo mpira, nikasema Jumapili nitabadilisha. Baadaye nikaona injini inakwenda vizuri, turbo kavu, haina oili. Nikaacha. Dada, hapo nilikuboreshea! Kwa nini ulishe injini uchafu wake yenyewe?"

"Kwa hiyo ukaona umlishe Tata Ogari?"

Thadeus aliinua mkono, Persis akaendelea.

"Nilikuja hapa nikakuambia kuna harufu. Ulijua umefunga nini. Ulijua! Ukanicheka. Ukaniambia pua yangu ni nyepesi. Yule mzee amekaa nyumbani anavimba, anatunga uongo wa matanga ili asinitie aibu, na wewe unajisifu turbo ni kavu?"

"Dada Persis, mambo ya ndugu huzungumzwa kanisani, si hapa barabarani—"

"Moshi hukuufungulia kanisani. Panda gari."

"Niende wapi?"

"Kisii. Si spea iko Kisii? Kaa hapo mbele. Ndicho kiti chake."

Watu walikuwa wamesimama madukani, na bodaboda walikuwa wamezima pikipiki wasikie vizuri. Thadeus alipanda. Jasper alifungua mdomo, akamwona Persis alivyomgeukia, akaufunga.

Mvua haikupungua. Mlima ulipoanza, ukungu ulikizima kioo, Persis akawasha feni. Thadeus alitazama mbele kwa muda, akasafisha koo. Akasafisha tena. Machozi yakaanza kumlengalenga.

"Dada, tufungue dirisha kidogo."

"Mvua inaingia. Nyuma huwa nina wagonjwa."

Walipopita kona ya pili ya mlima alitoa leso, akaiweka mdomoni, sawasawa kama walivyofanya wale wanawake wa nyuma. Hapo tu ndipo Persis alisimamisha gari kando ya shamba la chai, akafungua milango yote. Fundi alishuka akainama juu ya mtaro, na alipoinuka hakuweza kumtazama.

"Sikujua ni hivi," alisema.

"Nilikuambia."

Bomba lilipatikana Kisii. Thadeus aling'oa kile kipande cha mti na kukitia mfukoni, akalifunga mwenyewe palepale mbele ya duka la spea, klipu pande zote mbili. Kanisani Sabato ile baadhi ya watu walimwamkia Persis kwa ubaridi, kwamba amemdhalilisha mzee wa kanisa. Hakuna aliyemuuliza habari za Ogari. Hasira yake haikupoa, na hakuitafutia maji.

Siku ya kliniki alisimama langoni kwa Ogari asubuhi yenye manyunyu. Nyakerario alimshika mzee mkono hadi mlangoni mwa gari. Mzee alisita. Aliingiza kichwa kwanza, akavuta pumzi taratibu, mara moja, halafu tena, kana kwamba anasikiliza. Kisha akaketi, akapanga fimbo katikati ya magoti, na akapandisha kioo mwenyewe.