Wakili Wetu na Katoni ya Viatu

Watu wa jumuiya wamenipigia simu kutoka Guangzhou, China. Wanaandaa kijitabu cha waliotangulia: wafanyabiashara wa kwanza kutoka kwetu, waliofungua njia na kuongoza jumuiya. Wanataka niandike habari za yule mzee, kwa kuwa amefariki. "Andika mema, dada." Sawa. Nitaandika niliyoyaona.

Tulimwita Wakili. Hakuwa wakili. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo huko nyumbani, akaacha kazi, akaingia China wakati watu weusi wakigeuziwa shingo mtaa mzima. Alianza na viatu vya soko la Liuhua, akaishia na ofisi ya kusafirisha mizigo mtaa wa Sanyuanli. Kichina alikijua mpaka cha matusi. Ukidhulumiwa na laoban, yaani mwenye duka, Wakili alikwenda kusimama mlangoni kwake na koti la suti, joto lote lile, akahutubia mpaka wateja wakatawanyika na laoban akasalimu amri. Kanisani alikuwa na kiti chake cha mbele. Na viza zikikaribia kuisha, pasipoti tulimkabidhi yeye, wote, kama watoto wanaompa mama hela ya kutunza. Hakuna aliyekwenda ofisi za serikali mwenyewe.

Mwaka wa Olimpiki polisi walichachamaa. Walisimama kwenye ngazi za daraja la waenda kwa miguu pale barabara ya Huanshi, wakidai, "Huzhao! Huzhao!" Pasipoti. Huna mkononi, unapakiwa garini. Mwanangu alikuwa bado ananyonya. Mume wangu yuko Mwanza, anauza viatu ninavyotuma. Jirani yangu mmoja alikamatwa sokoni, na mtoto wake akabaki akizungushwa chumba hadi chumba, kila mtu akimpa uji wake. Nikawaza jambo moja tu: nikikamatwa mimi, huyu atabebwa na nani?

Nikajifungia ndani. Nikampigia simu Wakili.

"Tulia, mama. Mambo yako jikoni."

Nikapiga tena. Jikoni. Chakula gani hicho kisichoiva?

Asubuhi moja nikamfunga mtoto mgongoni, nikapita vichochoroni hadi ofisini kwake. Nikamkuta amekaa na koti lake, chai imepoa mbele yake.

"Mzee, pasipoti zetu ziko wapi?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Ziko wapi?"

"Marahaba." Akafuta uso. "Polisi walipanda jengo hili wiki iliyopita. Nikazificha."

"Wapi?"

"Kwenye katoni ya viatu."

"Basi nipe hiyo katoni."

Akatazama stoo. Nikachungulia stoo. Tupu, imefagiliwa.

Mzigo kule hauandikwi jina. Unachorwa alama ya rangi ubavuni, basi. Aliposikia polisi kwenye ngazi alizichomeka pasipoti kati ya viatu, akapiga selotepu, akachora alama ya mteja ili katoni ifanane na nyenzake. Ikafanana. Wapakiaji walipokuja na lori, yeye alikuwa ametoka kwenda polisi kuwaombea waliokamatwa. Wakabeba zote. Pasipoti zetu zilikuwa baharini, zinarudi Dar es Salaam bila sisi.

"Kontena likifika, watazituma kwa ndege," akasema.

"Viza yangu itaisha meli ikiwa bado majini! Nikikamatwa, mtoto nimpe nani? Nikupe wewe umtie kwenye katoni?"

"Usipandishe sauti, mwanangu."

"Twende polisi. Si wewe Wakili? Leo tetea."

Nikamkamata mkono wa koti. Wakongo waliokaa mlangoni mwa saluni wakapiga makofi. "Eh, Papa! Leo mama ndiye polisi!" Yeye akawapungia kama mbunge.

Kituoni alisema vizuri. Aliinama, akaonyesha mtoto, akanionyesha mimi. Kisha akanigeukia: "Nimewaambia kosa ni langu. Wewe watakuandikia karatasi, upewe siku za kuondoka na mwanao." Ofisa akaandika, akagonga muhuri, akanipa. Halafu akamnyooshea Wakili mkono.

"Huzhao."

Wakili hakugusa hata mfuko.

"Mpe basi, Mzee," nikasema.

"Iko huko huko, mwanangu. Kwenye viatu."

Hao wa kijitabu wanasema alijitoa mhanga. Hapana. Nilimburuta. Bila mimi angekaa pale na chai yake mpaka leo. Lakini na hili liandikwe: alikuwa mwanamume mwenye mwili, na mimi nimebeba mtoto, nimekonda. Angetaka kuuchomoa ule mkono angeuchomoa. Njia nzima alijua pasipoti yake haipo.

Sijamsamehe. Wala sijamlilia. Waliponiambia amekufa nilikuwa napanga viatu dukani kwetu Mwanza, nikaendelea kupanga, namba ndogo chini, kubwa juu.

Pale kituoni walimshika bega wampeleke ndani. Alipofika mlangoni akageuka. Nilidhani ataomba radhi.

"Huyo ana njaa," akasema. "Mnyonyeshe."

Nikakaa kwenye benchi la polisi, karatasi nimeibana kwapani, nikamfungua mtoto mgongoni. Hakuna aliyekuja kumchukua. Akanyonya mpaka akalala, na mimi nikautazama ule mlango ulivyofungwa, sisikii kitu.