Spana Ikigonga Mara Tatu

Nondo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa msimamizi wa banda la presi katika kiwanda cha sufuria, mahali ambapo mashine hushuka juu ya bamba la alumini kwa kishindo cha kutikisa meno, na ukizembea kidogo mkono wako unageuka kifuniko. Humo ndani sauti ya mwanadamu haisikiki. Ndiyo maana Nondo alizungumza kwa vibao.

Tusimwonee. Mwenyewe alikuzwa kwa mkanda wa baba wa kambo, kisha akafunzwa kazi na fundi aliyempiga vifundo vya vidole kwa spana kila alipochelewa kutoa mkono chini ya presi. Fundi yule alizikwa na vidole pungufu. Nondo alikuwa bado na vyake vyote kumi, na aliamini kila kimoja kilisalimika kwa kipigo. "Afadhali kofi kuliko kidole," hiyo ndiyo ilikuwa dini yake. Aliihubiri kwa ngumi na mateke, na siku akiamka na mafua, kwa kipande cha bomba.

Jambo moja aliwafunza vizuri, hata waliomchukia walikubali. Yeyote anayeona hatari anagonga chuma kwa spana mara tatu. Hapo kila mtu anaachia mashine na kuinua mikono yote miwili, na hakuna anayeishusha mpaka aliyegonga amewaangalia wote, mmoja mmoja. Aliyechelewa alikula kibao cha kisogoni. Miaka ikapita, jambo likaacha kuhitaji akili: spana ikigonga, mikono inapanda, kama kope zinavyofumba vumbi likija.

Nyumbani alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu. Mkewe aliondoka zamani. Jino lake la mbele lilitangulia, mwenyewe akafuata. Binti yao alibaki, labda kwa huruma, labda kwa ukaidi wa ukoo, na alipokua baba yake akamwingiza kiwandani. Humo alimpiga kuliko wote, asije akasemwa kwamba anapendelea wake. Alimpenda, na huo ndio ubaya wenyewe. Hakuna alichokiogopa duniani kama kurudi kwenye nyumba isiyo na mtoto yule.

Basi ofisi ikagawa karatasi za maoni kwa wafanyakazi wote, wazijaze bila kuandika jina. Majibu yaliporudi, akaletwa mama mmoja kutoka makao makuu kuendesha warsha: kila kikosi kikae, kisikie kilichoandikwa, kichague jambo moja na kukubaliana litachukuliwa hatua gani. Wazo zuri. Ila aliyepanga viti alimweka kila msimamizi katikati ya watu wake, yaani paka kaalikwa kwenye kikao cha panya, tena kapewa kiti chenye mto.

Kikosi cha presi kilikaa kuizunguka meza ya bati katika ukumbi wa chakula, spana bado zikiwa mifukoni mwao. Mama wa warsha akasoma polepole: watu wengi wa banda hili wameandika kwamba wanarudi nyumbani wakivuja damu, na damu hiyo haitokani na mashine. Akauliza wenyewe wanasemaje. Kila mmoja akakuta viatu vyake vina jambo la kutazamwa.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nondo, aliyepasua midomo ya watu bila kukosa hamu ya kula, alihisi maneno yale yanamchoma kifuani. Akauliza, kwa upole wa kutisha, nani ameandika. Mama wa warsha akamkumbusha kwamba karatasi hazina majina. Hakumsikia. Jicho lake lilikwisha kumwangukia mchomeleaji, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye sikio lake alikuwa amelipasua kipindi cha nyuma.

Hakungoja jibu. Alimkamata ukosi akambamiza uso juu ya meza. Pua ikavunjika kwa mlio wa kijiti kikavu. Akamnyanyua, akambamiza tena, na damu ikarukia karatasi zilizoandaliwa kwa ajili ya mapendekezo. Mama wa warsha alikuwa akiita walinzi. Watu wa kikosi hawakusogea, kwa sababu walikuwa wamezoea. Nondo akaokota stuli, akainyanyua juu ya kichwa cha mchomeleaji.

Ngo. Ngo. Ngo. Spana juu ya bati.

Mikono ikapanda kote mezani. Hata mchomeleaji, damu ikimchuruzika kidevuni, alinyoosha yake. Stuli ikaanguka sakafuni, na watu wakaona jambo ambalo hawakuwahi kuliota: Nondo amesimama mikono juu, vidole vyote kumi vimetanuka, akiyakodolea macho mabega yake mwenyewe kana kwamba yamemsaliti.

Aliyegonga alikuwa binti yake.

"Niliyeandika ni mimi, Baba," alisema. "Muache mzee wa watu."

Akamgeukia mama wa warsha akamwambia aandike: Nondo akiinua mkono kwa mtu, yeyote anayeona agonge, presi zote zizimwe, zisiwashwe mpaka ametoka bandani. Mama wa warsha akauliza akina nani wanakubali. Binti alikuwa bado hajawaangalia wenzake, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ameshusha mikono.

"Wote," alisema mchomeleaji kupitia damu. "Na msimamizi mwenyewe."

Walinzi wakamtoa Nondo, akaambiwa akae nyumbani hadi atakapoitwa. Jioni ile binti alirudi, akapita moja kwa moja chumbani, akatoka na begi. Nondo alikuwa jikoni, karibu na mlango.

"Nimekulinda miaka yote," alimwambia. "Hesabu vidole vyako."

"Vyote vipo, Baba. Taya ndilo halifungi vizuri."

Alimwuliza anakwenda wapi; binti akasema kwa mama yake. Nondo akasimama mlangoni, hofu ikamgeukia kuwa hasira kama ilivyozoea, na mkono wa kulia ukapanda. Binti hakuwa na spana. Alichukua mwiko, akagonga sufuria iliyokuwa mekoni, moja ya zile walizozikandamiza wenyewe, mara tatu.

Mkono wa kushoto ukaufuata wa kulia. Binti akainama, akapita chini ya kiwiko cha baba yake, begi likimgusa ubavuni. Nondo akangoja pale pale, mikono juu, jinsi alivyowafunza watu, mpaka aliyegonga amwangalie. Binti alivuka uani, akafungua geti, akaenda zake bila kugeuka.