Jina Walilolitaka Mawakili

Barua ya mawakili wa Nairobi ilinikuta dukani Lurambi, hapa Kakamega, mvua ya alasiri ikiwa imeanza kupiga mabati. Ilisema kwamba raba nilizokuwa nikiuza mtandaoni zinaaminika kuwa bandia, na alama zilizo nazo zimewekwa bila idhini ya wenyewe. Nikome kuziuza, nisalimishe zilizobaki, nilipe fidia. Ama nimtaje aliyeniletea, jina lake na anakoishi, nao wataangalia namna ya kuniachilia. Sehemu hiyo ya mwisho niliisoma mara nyingi kuliko zile za kutisha.

Aliyeniletea ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Yeye alikuwa Kampala, mimi Kakamega. Alinunua, akafunga gunia, akalipitisha mpakani Busia, na basi likaniletea. Kazi yangu ilikuwa kwenda laivu kwenye simu, nafungua gunia mbele ya watazamaji na kuonyesha raba moja baada ya nyingine. Ujanja wote ulikuwa wake. Aliingia humo kwa jina la uongo, akajifanya mteja: "Mama, hiyo ya bluu ni yangu, nisipoipata leo nitalia." Wengine wakiona hivyo wanaanza kuigombania. Kisha ananiandikia pembeni, "Dada, uso wako leo ni kama wa mtu aliyefiwa na ng'ombe. Cheka kidogo." Nami nilicheka, watu wakadhani nawachekea wao. Walisema nina biashara. Biashara gani? Mimi nilikuwa naongea na ndugu yangu.

Halafu wateja wawili watatu wakarudi na raba zilizobanduka soli. Nikampigia. "Kwani hizi ni orijino kweli?" Swali moja tu. Akasema, "Kumbe ndivyo unanifikirianga? Mimi mwizi?" Nikamwambia sijasema mwizi, nimeuliza habari za viatu. Akakata. Mpaka leo nasema swali lile lilikuwa halali, maana aliyetukanwa na wateja mbele za watu ni mimi, si yeye. Lakini hakushika simu yangu tena, na baadaye nambari yenyewe ikawa haipatikani. Jirani yake wa Kampala aliniambia amehama, hajui ameelekea wapi.

Kama zilikuwa bandia, sijui. Hata sasa sijui. Zilinukia upya, na alama ilikuwa mahali pake. Mimi si mtu wa kiwandani.

Niliendelea kwenda laivu na gunia lake la mwisho, na niliuza polepole makusudi. Jina geni likitokea kwenye simu, moyo unaruka. Nasoma, natafuta utani wake humo ndani. Kumbe ni mtu wa Butere anauliza bei. Siku moja nilimjibu mtu wa namna hiyo kwa ukali mpaka akaniuliza kama nataka kuuza au nataka kugombana. Nilitaka kumwambia kwamba sitaki hata moja, ila ningeonekana mwendawazimu.

Basi nikiwa katika hali hiyo ndipo barua ilipokuja. Wakili niliyemwendea hapa mjini aliisoma yote, akaikunja. "Mama, wewe ni mchuuzi tu," alisema. "Hawa wanatafuta chanzo. Mtaje huyo mtu, ujiokoe." Senje wangu, dada ya baba, anayeishi Malava, alizipata habari hizo kabla sijafika kwake. Aliniwekea obusuma, ugali wetu, mezani na hakunikaribisha kula.

"Sisi hatutajanga mtu wetu kwa wageni," akasema. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Sasa wewe ukimtaja utavuna nini?"

Ningemwambiaje? Kila mtu alidhani napima kati ya mali yangu na ndugu yangu. Mimi nilikuwa nawaza jambo jingine kabisa. Mawakili wa Nairobi wana watu, wana mihuri, wana wenzao huko Kampala. Mimi nina simu inayoniambia mteja hapatikani. Wao wakimtafuta watampata, nami nitajua kama yu hai. Nilikuwa na hamu naye kiasi hicho, na haya sikuwa nayo.

Nikarudi kwa wakili, nikamtaja. Niliandika majina yake yote matatu, mtaa alimokuwa akiishi, kanisa alimokuwa akiimba. Sikuishia hapo. Niliandika kwamba ana kovu kidevuni tangu alipoanguka na ndoo kisimani, kwamba hucheka kabla hajamaliza kusema, kwamba ukimwita mara mbili anakasirika. Wakili alivua miwani.

"Mama, hawa hawatafuti mtu aliyepotea."

"Mimi namtafuta," nikasema.

Alizikata sentensi hizo kwa kalamu, akabakiza majina, mtaa na kanisa. Raba zilizobaki zikachukuliwa, ukurasa wangu nikaufunga, na habari za fidia hazikutajwa tena. Duka nikalijaza ndala na sare za shule.

Alinipigia alasiri moja nikifagia. Nambari ilikuwa ya nje.

"Umenitaja," akasema.

Ilikuwa sauti yake. Yaliyofuata sikuyasikia sawasawa kwa sababu ya sauti hiyo. Alisema mawakili wamemfikia kazini mbele ya mwajiri wake, na sasa hana kazi. Alisema hata Yuda alianza kwa busu. Nilitaka aendelee. Angenitukana mpaka jioni, ningeshika simu mpaka jioni.

"Umekula?" nikamuuliza. Sijui ni kwa nini niliuliza hilo.

Nyuma yake mtoto akaanza kulia. Alimgeukia, akambembeleza, "Nyamaza, nyamaza," kisha akamwita kwa jina la marehemu mama yetu. Kwetu jina la aliyekufa halipewi mtoto wa nje. Hupewa wa damu. Sikujua kuna mtoto. Nilikuwa nimesimama na ufagio mkononi, natega sikio nimsikie yule mtoto zaidi, naye alikuwa anaanza kutulia.

Mdogo wangu akarudi kwenye simu. "Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Huyo hutampakata," akasema, akakata.